"Fundi, toa eakilina weka ekzosi ya resi": dhana potofu zinazomaliza hela za wenye pikipiki za spoti za zamani

Wiki hii peke yake wamekuja watatu. Watatu, na maneno ni yale yale kama walikaririshwa darasa moja: "Fundi, nataka utoe boksi la eakilina, uweke zile filta nne ndogo, sailensa nishanunua hii hapa, bike ipae." (Eakilina ni lile boksi la kuchuja hewa inayoingia kwenye injini.) Nimechoka kumuelezea mmoja mmoja huku mikono imejaa oili, kwahiyo naandika mara moja, atakayekuja tena na swali hilo namwambia asome kwanza kabla hajatoa hela mfukoni.

Niko Arusha, kazi yangu kubwa ni pikipiki za spoti za zamani, za kabureta na zile za mwanzo za injekta. Honda CBR600F3 za 1995 mpaka 1998 (huwa tunaziita F3 tu), F4, F4i, Suzuki SV650, Kawasaki Ninja na ndugu zao. Bei zimeshuka mpaka kijana mwenye kazi ya kawaida akijibana anaipata, na mimi nafurahi sana nikiona F3 ya karibu miaka 30 bado inatembea kwa heshima. Shida ni kwamba akishainunua anabakiwa na hela kidogo, na hiyo kidogo ndo anaenda kuitupa sehemu ambayo haimrudishii chochote.

DHANA: ukifungua ekzosi na kutoa eakilina unaongeza nguvu

Hii ndo inayoniumiza kuliko zote, mtanivumilia nitakaa hapa kidogo.

Kabureta za hizi bike ukivuta resi hauinui slaidi (kile kipande kinachopanda na kushuka ndani ya kabureta) kwa mkono. Waya wa resi unafungua kipepeo tu, basi. Slaidi inapandishwa na presha: juu ya mpira wa diaframu kuna mvuto wa injini, chini yake kuna hewa ya upande wa eakilina, na tofauti ya hizo mbili ndo inainua slaidi pamoja na sindano, mafuta yanapita kwa kipimo. Sasa lile boksi jeusi mnaloliona ni plastiki tu linajaza nafasi chini ya tenki, ndani yake hewa inatulia, silinda nne zote zinavuta kutoka sehemu moja yenye presha moja, na ujazo wake ulipigiwa hesabu na watu waliokaa miaka wakitengeneza hiyo injini. Ukilitoa ukaweka filta nne ndogo, kila kabureta inajitegemea, upepo wa pembeni unaigonga, joto la injini linaingia moja kwa moja, na diaframu haijui tena ifuate presha ipi. Matokeo yake nayajua kwa kusikia tu bike ikiingia getini: ukivuta resi polepole inaenda, ukivuta ghafla inakata pumzi katikati halafu inashtuka, na ukiachia inapiga risasi kwenye ekzosi. Mwenyewe anakwambia "unasikia fundi, inatema moto." Mdogo wangu, mara nyingi hiyo ni mchanganyiko umekuwa mkavu, yaani hewa nyingi mafuta kidogo, au ekzosi inavuta hewa kwenye maungio, hakuna nguvu yoyote hapo.

Na mchanganyiko mkavu hauumizi siku hiyo hiyo, ndo ubaya wake. Plagi zinakuwa nyeupe, injini inachemka kuliko kawaida, vali za ekzosi zinaanza kuungua taratibu, na ukiibana kwa resi yote muda mrefu kwenye barabara ndefu unaweza kutoboa pistoni. Hapo umetoka kwenye filta za bei ya chini umeingia kwenye kufungua injini.

Sasa mtu atabisha, na huwa wanabisha kweli, "mbona yangu nilivyotoa ilichangamka?" Hili nimelifikiria sana na jibu liko kwenye mlima. Arusha tuko kama mita 1,400 juu ya bahari, hewa huku ni nyepesi kwa karibu asilimia 13 ukilinganisha na Dar. Bike iliyokuwa Dar ikipandishwa huku inavuta hewa pungufu lakini jeti (vitundu vya kupimia mafuta kwenye kabureta) ni zile zile, kwahiyo inakuwa na mafuta mengi kuliko hewa, harufu ya petroli, plagi nyeusi, uzito wa kuchangamka asubuhi. Kabureta za aina hii zinajirekebisha kidogo lakini sio zote. Mwenye nayo anatoa eakilina, hewa inaongezeka, mchanganyiko unasogea karibu na pale ulipotakiwa kuwa, bike inaamka. Anaamini amepata siri! Anawapigia wenzake wa Dar na Tanga, wao wako usawa wa bahari na jeti zao zilikuwa sawa tangu mwanzo, wanatoa na wao, wanakausha mchanganyiko, na baada ya miezi wananiuliza mbona inachemsha. Na yeye mwenyewe wa Arusha siku akishuka nayo pwani yanamkuta hayo hayo. Dawa ya bike iliyopanda mlima ni kuangalia jeti na skrubu za mchanganyiko, boksi liache mahali pake. Na za injekta kama F4i zina sensa ya presha ya hewa, zinajipunguzia mafuta zenyewe huku juu, kwahiyo hata hicho kisingizio hazina, ila ukiifungulia hewa hovyo bila kurekebisha programu kompyuta inaendelea kupiga mafuta kwa hesabu ya kiwandani na unarudi kule kule kwenye ukavu.

Sailensa nayo. Ukibadilisha kile kipande cha mwisho tu, kwenye bike ya hosipawa kama 100, unachopata ni moja au mbili ukibahatika, mwili wako hauwezi kuzihisi. Unachohisi ni sauti. Sikio linadanganya vibaya sana, kelele ikiongezeka ubongo unahesabu spidi. Kama huniamini tafuta barabara tupu, weka gia ya tatu, mtu wa pili apime kwa saa muda wa kutoka 40 mpaka 80 kabla na baada ya kubadilisha, rudia mara tano kila upande, uone. Faida ya kweli ya sailensa ya alumini au titani ni uzito, ile ya kiwandani mara nyingi ni nzito na ukipunguza kilo kadhaa upande wa nyuma huo ni ushindi, sikatai. Lakini hiyo hela ungefanyia nini kingine?

Kuna kijana mmoja wa Moshi alikuja na F3 ishatolewa kila kitu, filta nne, sailensa fupi bila kizuizi ndani, ametumia zaidi ya laki sita na bike haivuti, pale kwenye RPM 5,000 inakata kabisa. Nilimtafutia boksi la mtumba, nikasafisha kabureta (jeti ndogo mbili zilikuwa zimeziba kwa petroli iliyokauka), nikabadilisha mipira ya kuunganisha kabureta na injini maana ilikuwa na nyufa, nikapima vali, moja ya ekzosi ilikuwa imebana, nikalinganisha kabureta, plagi mpya nne. Aliiendesha mpaka Usa River na kurudi, akakaa kimya kwanza, halafu akaniuliza nimeongeza nini. Sijaongeza kitu, niliirudishia nguvu zake. Ndo ninachotaka muelewe wadau, bike ya miaka 25 haiko kwenye hosipawa ilizotoka nazo kiwandani, imepoteza njiani kwa vali zilizobana, kabureta zisizolingana, cheni kavu, breki zinazoshika, na hizo ulizopoteza ni nyingi kuliko utakazopata kwenye sailensa yoyote, na kuzirudisha ni bei ndogo.

Kulinganisha kabureta hata huhitaji geji za bei. Chukua mpira wa plastiki unaoonekana ndani, mita nne au tano hivi, upinde uwe kama herufi U kwenye ubao, weka oili ya gia ya otomatiki chini, ncha mbili zichomeke kwenye vitundu vya mvuto vya kabureta mbili. Oili ikipanda upande mmoja, ule unavuta zaidi, unageuza skrubu mpaka zilingane, halafu unahamia jozi nyingine. Ziba sehemu ya mpira kwa kitu chenye tundu dogo ili oili isirukeruke, na tumia oili hiyo ya otomatiki kwa sababu ikinyonywa kidogo kwa bahati mbaya inaungua inatoka. Mimi nimeitumia hii miaka mingi na naipenda kuliko geji za saa.

DHANA: tairi pana nyuma ndo inashika barabara

Hapana. Rimu ya inchi 5.5 ilitengenezwa kwa tairi ya 180, ukiibania 190 tairi inajikunja, mgongo wake unachongoka, na bike inakuwa nzito kulala kwenye kona. F3 inatoka na 160 nyuma, iache na 160. Cha muhimu zaidi ni umri wa tairi, angalia ubavuni mwa tairi, kwenye namba ya DOT kuna tarakimu nne za mwisho, 2318 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2018. Watu wananunua tairi za mtumba zenye kashata nzuri na mpira umeshakuwa mgumu kama soli ya kiatu, mvua ya kwanza wako chini. Kama una hela ya kitu kimoja tu mwaka huu, nunua tairi mpya za saizi ile ile. Nasema hivi kila siku na nitaendelea kusema.

DHANA: shokapu ikiwa ngumu ndo ya resi

Mtu anazungusha skrubu zote mpaka mwisho, anabonyeza bike haishuki, anafurahi. Barabara zetu zina viraka na matuta, tairi inatakiwa ifuate lami, shokapu ngumu inairusha tairi hewani na tairi iliyo hewani haina breki wala kona. Anza na oili ya shokapu za mbele, nyingi ninazofungua hazijawahi kubadilishwa tangu Japani na inatoka nyeusi inanuka samaki waliooza. Oili mpya na sili mpya, kazi ya nusu siku, utadhani umenunua bike nyingine. Halafu pima inashuka kiasi gani ukikaa na nguo zako za kuendeshea, tumia tepu ya fundi cherehani, milimita 30 mpaka 40 kwa barabarani ni sehemu nzuri ya kuanzia. Ikishuka zaidi hata ukikaza, springi ni laini kwa uzito wako, hapo ndo ufikirie kununua springi.

Ukitaka bike ivute zaidi kweli kweli kwa hela ndogo, badilisha sproketi. Tuchukue mfano wa meno 15 mbele na 43 nyuma, ukiweka 14 mbele ni sawa na kuweka 46 nyuma, mvuto unaongezeka kama asilimia 7 kwenye kila gia na hata abiria atausikia. Utalipa kwa RPM kuwa juu kidogo kwenye safari ndefu, na kama spidomita ya bike yako inasoma kutoka kwenye gia boksi itakudanganya, itaonyesha spidi kubwa kuliko uliyonayo. Badilisha na cheni pamoja, usiweke sproketi mpya kwenye cheni iliyokwisha.

"Fundi hii bike inakula betri." Haili betri. Pima volti kwenye betri injini ikiwa RPM 5,000, ikiwa chini ya 13.5 haichaji vizuri, ikizidi 15 rektifaya (kifaa kinachodhibiti chaji) imekufa na inaikaanga betri yako. Hizi Honda na Suzuki za zamani rektifaya zake zinajulikana kwa kuungua, na mara nyingi hata soketi ya waya wa stata (koili inayozalisha umeme) imeyeyuka. Weka ile ya Shindengen ya FH020AA, hata ya mtumba kama ni orijino, halafu rudia hizo soketi kwa waya mzuri. Kabla hujaongeza taa yoyote ya urembo. Kabla, sio baada.

Breki: watu wanauliza diski kubwa wakati mipira ya breki ina miaka 25 na oili ya breki imekuwa rangi ya kahawa. Oili ya breki inanyonya maji, badilisha kila miaka miwili, weka mipira ya kusukwa kwa waya wa chuma na pedi nzuri, diski zako za kiwandani zinatosha kabisa.

Petroli ya ndege haiongezi nguvu kwenye injini ambayo haigongi. Oktani ni uwezo wa mafuta kuvumilia mgandamizo bila kulipuka kabla ya wakati, sio kipimo cha nguvu, na ile petroli ya ndege ya 100LL ina madini ya risasi (lead) ndani. Acheni.

Na oili ya injini, tafadhalini. Klachi ya hizi bike inaogelea kwenye oili ile ile ya injini. Oili nyingi za gari za siku hizi, hasa zile nyepesi, zina dawa ya kupunguza msuguano na klachi inaishi kwa msuguano, itaanza kuteleza ukivuta resi gia ya nne au ya tano, RPM inapanda spidi imebaki pale pale. Geuza kopo usome nyuma, kama halijaandikwa JASO MA au MA2 (alama ya oili inayofaa klachi ya pikipiki) lirudishe dukani hata kama muuzaji anakuapia. Kama ushaiweka na klachi inateleza usikimbilie kununua pleti, mwaga hiyo oili, badilisha na filta, weka sahihi, tembea kilomita mia mbili hivi bila fujo halafu mwaga tena. Mara nyingi klachi inarudi. Isiporudi, ndo uniletee.