Uchumi wa kati umefika, mbona mfukoni hola?

Dhana: Nchi ikiingia uchumi wa kati, wananchi wameaga umaskini.

Julai 2020 Benki ya Dunia ilipoipandisha Tanzania kuwa nchi ya kipato cha kati cha chini, vijiweni watu waliulizana: mbona mfukoni hola? Swali la haki, ila kipimo kile hakiangalii mfuko wa mtu. Unachukua pato la taifa, unaligawa kwa idadi ya watu. Mwaka ule mstari ulikuwa dola 1,036 kwa mtu kwa mwaka. Sisi tulikuwa na 1,080. Tajiri wa Masaki na mkulima wa Kakonko wametiwa kapu moja, wakatolewa wastani.

Umaskini una mstari wake. Katika utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa 2017/18, mahitaji ya msingi Tanzania Bara yalikadiriwa kuwa shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi. Gawa kwa siku 30, unapata kama 1,644. Humo kuna ugali, mkaa, sabuni, nauli na panadoli. Anayetumia 1,700 kwa siku takwimu zinasema si maskini. Mwambie yeye.

Dhana: Uchumi ukikua kwa asilimia 6 au 7, umaskini utaisha wenyewe.

Unapungua, kwa mwendo wa kinyonga. Mwaka 2011/12 maskini walikuwa asilimia 28.2, miaka sita baadaye, asilimia 26.4. Na kwa kuwa tunazaana kwa kasi, kwa vichwa waliongezeka, kutoka kama milioni 12 hadi milioni 14. Kilichokuwa kinakimbia ni ujenzi, madini na mawasiliano, wakati karibu theluthi mbili ya wanaofanya kazi wako shambani, na kilimo kinachangia kama robo tu ya pato. Dhahabu ikipanda bei, mwenye ekari mbili za mahindi haimhusu. Kinachomhusu ni bei ya mbolea na barabara ya kutolea gunia.

Dhana: Maskini ukimpa hela mkononi, ataishia kilabuni.

Hii hupendwa na watu walioshiba. Mapitio ya tafiti 19 yaliyotoka 2014 hayakuona pombe na sigara zikiongezeka kwa waliopewa fedha. Kule Siaya, Kenya, zaidi ya kaya 10,000 zilizokuwa zikiishi kwenye nyumba za nyasi zilipewa kama dola 1,000 kila moja. Mtu ananunua mabati, anamlipa fundi, fundi anapitia dukani kwa jirani ambaye hakupewa hata senti. Watafiti walipopiga hesabu, kila dola ilizaa shughuli za kama dola 2.5 pale pale, na bei za vitu hazikupanda kwa maana.

Msifananishe na TASAF, mfuko wa serikali ya Tanzania unaosaidia kaya maskini, lakini. Fedha zake huja kidogo kidogo. Zinasaidia daftari na unga, mabati ni hesabu nyingine.