Fangasi wa kuua wadudu sio sumu ya dakika tano jamani

"Nimepiga jana, leo wadudu bado wanatembea, hii dawa feki." Hii kauli nimeisikia mpaka nimechoka. Beauveria na Metarhizium, yaani hao fangasi wa kuua wadudu, ni viumbe hai, hawaangushi mdudu papo hapo kama zile sumu za mishipa ya fahamu. Spora, yaani mbegu ya fangasi, inamnata mdudu kwenye ngozi, ikipata unyevu inachipua, inatoboa ganda, inaingia ndani inaanza kumla taratibu huku mwenyewe bado anatembea zake, na kufa kwake mara nyingi ni siku 3 mpaka 10, inategemea mdudu gani, joto na dozi uliyoweka. Ukimwona amezubaa na hali chakula vizuri, ujue ndio anaisha hivyo. Ila watu hawangoji! Siku ya pili mtu anabeba sumu kali anapiga juu yake, wadudu wanakufa, halafu ananiambia umeona, fangasi hafanyi kazi. Umejuaje sasa?

Ukitaka ushahidi okota wadudu waliokufa, waweke kwenye kopo lenye tishu iliyoloweshwa kidogo, funika, acha kivulini siku kadhaa. Beauveria atatokeza unga mweupe kwenye maungio ya mwili, Metarhizium anaanza mweupe halafu anageuka kijani.

Na kwa nzi wa matunda ndio usitafute kabisa maiti kwenye majani. Funza akishiba anatoka kwenye tunda, anajichimbia sentimita chache ardhini, anakuwa pupa (hatua ya kabla ya kuwa nzi) hapohapo, kwa hiyo fangasi anawekwa kwenye udongo wenye unyevu chini ya mti, funza akiingia apite kwenye spora na nzi akitoka apite tena. Matokeo utayaona kwenye mitego ya nzi wiki za mbele. Na matunda yaliyodondoka okota kila siku, nimesema hili sijui mara ngapi, ukiyaacha unafuga nzi mwenyewe.

Eti fangasi huyu ataozesha matunda? Hapana, wanaoozesha ni fangasi wengine kabisa. Trichoderma, fangasi mwingine, naye sio huyu, yule kazi yake ni kupambana na magonjwa ya mimea, hasa ya mizizi. Kupiga saa sita mchana ni kutupa hela, jua linaua spora, piga jioni, na hapo nyuki nao washarudi mzingani, maana kusema fangasi huyu hana madhara yoyote kwa nyuki nako ni kukuza mambo.

Halafu kuna wanaomchanganya fangasi huyu na dawa ya ukungu kwenye pampu moja "kuokoa muda". Dawa ya ukungu kazi yake ni kuua fangasi, sasa ulitegemea nini? Hata kama ulipiga mankozebu (dawa ya ukungu) jana na pampu hukuiosha vizuri, mabaki yake yanaweza kuua spora zako kabla hazijafika shambani.