Laini ya umeme ina nafasi kiasi gani? Hesabu inavyopigwa kabla kiwanda hakijaungwa

Ndugu zangu wa Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe, maombi ya umeme mkubwa yamekuwa mengi, mashine za mbao Mafinga, vyumba vya baridi vya parachichi Njombe, vinu vya mpunga Mbarali, na malalamiko yanayotufikia sisi wa shirika la umeme yanafanana: "Bwawa la Nyerere lina megawati 2,115, sisi mnatunyima kwa nini?" Jamani, kuzalisha ni kitu kimoja, kusafirisha ni kingine. Umeme wa Rufiji ukitaka kufika Mbeya lazima upite kwenye laini, na laini ina kikomo.

Kikomo chenyewe sio kimoja. Kuna joto, ukizidisha mzigo waya unachemka, unalegea na kusogelea miti. Kuna volteji, na kwa laini ndefu kama ile ya kV (kilovolti) 220 inayotoka Iringa kupitia Mufindi na Makambako hadi Mbeya, volteji inaweza kushuka vibaya kabla hata waya haujachemka. Alafu kuna utulivu, yani hitilafu ikitokea mitambo ya kuzalisha isipoteane mwendo gridi ikazima. Tunachukua kile kidogo kuliko vyote, tena tunapima kana kwamba laini au transfoma moja muhimu imeshatoka. Malori ya Tunduma hayapimwi kwa barabara ya tambarare, yanapimwa kwa mlima wa Kitonga.

Mfano, na hizi ni namba za kufundishia tu, za laini yenu sitaziandika hapa: joto linaruhusu MW 250, utulivu 210, volteji 180. Basi uwezo ni 180. Toa 110 za wateja waliopo na wenye mikataba, toa 20 za tahadhari maana mahitaji hayatabiriki sawasawa, toa 15 za akiba ya kuokoa eneo ambalo mitambo yake imezima. Zinabaki 35. Anayesema zimebaki 140 kashika namba ya joto akaacha mengine yote, na huyohuyo ndo anatangaza tunaficha umeme. Hatufichi! Na hizo 35 ni za saa hiyo tu, mitambo ya maji ya Kihansi na Mtera ikipunguza kuzalisha, hesabu inaanza upya.

Ndo maana mradi wa laini ya kV 400 kutoka Iringa hadi Mbeya, Tunduma na Sumbawanga una uzito sana kwetu. Nguvu inayobebeka inapanda kwa mraba wa volteji, kutoka 220 kwenda 400 ni zaidi ya mara 3.

Sasa wewe mwombaji, andika kVA (kipimo cha umeme wote mashine zako zinaovuta, hata ule usiofanya kazi) unazohitaji kweli, sio za ndoto, kwa sababu ukiandika kubwa tunapima kubwa na gharama ya kuungwa inakuja kubwa. Ambatanisha orodha ya mota na zinavyowashwa, mota ikiwashwa moja kwa moja inaweza kuvuta mara 5 hadi 7 ya mkondo wake wa kawaida. Weka kapasita za kurekebisha pawa fakta, yani sehemu ya umeme unaovuta ambayo inafanya kazi kweli. Wateja wa T2 na T3, yani madaraja ya bei ya watumiaji wakubwa, mnalipia kVA, sio uniti peke yake: mzigo wa kW 700 kwa pawa fakta 0.7 ni kVA 1,000, kwa 0.95 ni kama 737, na hiyo tofauti unailipa kila mwezi huku unakula nafasi ya jirani yako kwenye laini. Na ukitaka kuongeza mashine baada ya kuungwa, omba upya kabla hujaziwasha, maana nafasi tuliyokupimia mwanzo inaweza kuwa imeshachukuliwa.