Mjomba, kaoge kwanza: kichanga na wageni wa safari

Nilifika Ngamiani, Tanga, jua likielekea kuzama, nimetoka Dar es Salaam na basi la saa nne. Dada yangu alikuwa na siku tisa tangu ajifungue. Mkononi nina beseni, pampasi na doti mbili za khanga, na moyoni nina hamu ya kumpakata mpwa wangu. Mama akaitikia shikamoo yangu, akapokea mizigo, kisha akabaki amesimama mlangoni bila kunipisha.

"Hospitali umeiacha wapi?" akaniuliza.

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Jana ulikuwa wodini na wagonjwa, leo umeshinda kwenye basi na watu wa kila namna, na hiyo sauti yako naisikia imekauka. Mjomba, kaoge kwanza. Ukimaliza ukae barazani. Mtoto utamwona dirishani."

Mimi ni daktari wa watoto. Maneno aliyoniambia mama ndiyo ninayowaambia wazazi wa watu kila wiki. Koo lilikuwa limeanza kuniwasha tangu Segera, nami nikajiambia ni kiyoyozi cha basi. Karibu kila mgeni aliyewahi kumletea kichanga maradhi ana kiyoyozi chake: vumbi la njiani, maji ya baridi, uchovu, kubadili hali ya hewa. Hakuna anayepanda basi akijua amebeba kitu cha kumlaza mtoto hospitali.

Nitaeleza kisa kimoja, nikibadilisha mambo madogo madogo ili wenyewe wasijulikane. Mtoto wa siku 19, mzaliwa wa uzito mzuri, mnyonyaji hodari. Shangazi yake alikuja kutoka Mwanza kumtazama mzazi. Alikuwa na mafua mepesi, hayo ya kupiga chafya mbili tatu asubuhi. Alimbeba, akambusu, akamlaza kifuani mama mtu alipokwenda kuoga. Baada ya siku tano pua ya mtoto ikaziba. Kesho yake akawa ananyonya mafunda mawili matatu, anaachia ziwa, analia, anarudia. Homa hakuwa nayo, na ndiyo maana nyumbani walisubiri. Alipofikishwa kwetu alikuwa anapumua mara 74 kwa dakika, mbavu zinaingia ndani, midomo imeanza kubadilika rangi. Tulimwekea oksijeni, maziwa ya mama yake tukampitishia kwa mrija wa puani, na siku ya sita akaruhusiwa. Yule shangazi alilia kwenye korido hadi nikamhurumia. Mafua yake yeye yalikuwa yameshapita, bila hata kidonge kimoja.

Watu huniuliza inakuwaje chafya mbili za mtu mzima zigeuke oksijeni kwa mtoto. Jibu liko kwenye mabomba. Kichanga, yaani mtoto wa siku 28 za mwanzo, hutegemea pua kupumua, na anaponyonya ndiyo njia pekee aliyonayo. Ikiziba, itabidi achague kati ya hewa na maziwa. Huko chini kwenye mapafu, vijia vyake vya hewa ni vyembamba mno, kiasi kwamba uvimbe kidogo na makamasi kidogo vinatosha kuviziba. Kirusi kinachoongoza kwa kazi hiyo kinaitwa RSV. Mtu mzima akikipata hudhani ni mafua ya kawaida. Tangu kuingia mwilini hadi dalili kutokea huchukua siku 2 hadi 8, kwa hiyo mgeni akishaondoka na kusahaulika ndipo mtoto anapoanza kuugua, na lawama huangukia baridi ya usiku au mama aliyemwogesha vibaya. Kirusi hicho hukaa saa kadhaa kwenye vitu vigumu kama meza, kitasa cha mlango, na simu. Simu naisema makusudi. Mtu ananawa mikono vizuri kabisa, halafu anatoa simu ile ile aliyoishika stendi, anampiga mtoto picha, kisha anambeba.

Mtoto hazaliwi mikono mitupu, sawa. Mama humpa kinga kupitia kondo la nyuma, na nyingi ya kinga hiyo hupita katika miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito. Ndiyo maana njiti, yaani mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, huwa na akiba ndogo, na kwa njiti masharti yote ninayoyasema hapa yazidishwe mara mbili. Maziwa ya mwanzo, yale mazito ya njano ambayo bado kuna wanaoyakamua na kuyamwaga, yamejaa kinga. Na mama mwenyewe akipata mafua asiache kunyonyesha. Avae barakoa, anawe mikono, aendelee, kwa sababu mwili wake ukianza kupambana na kile kirusi, silaha zake huingia kwenye maziwa.

Chanjo nazo zina kalenda yake. Hapa Tanzania mtoto akizaliwa hupata BCG, ile chanjo ya kifua kikuu, na matone ya polio. Ile sindano yenye kinga ya magonjwa matano, kifaduro kikiwemo, huanza wiki ya 6, kisha ya 10 na ya 14. Surua husubiri hadi miezi 9. Kwa hiyo katika wiki sita za mwanzo mtoto hana chanjo yoyote ya kifaduro, na mtu mzima aliyechanjwa utotoni kinga yake imeshachakaa. Kwa mtu mzima kifaduro kinaweza kuwa kikohozi tu kisichokwisha. Kwa kichanga kinaweza kuja bila kikohozi chochote: mtoto anasita kupumua, anabadilika rangi, anaregea. Wajawazito wengi huniambia, "Daktari, mimi nilichoma sindano kliniki." Ile sindano ni ya pepopunda na dondakoo. Kifaduro hakimo.

Halafu kuna babu na kikohozi chake. Kila ukoo una mzee ambaye amekohoa muda mrefu hadi kikohozi kimekuwa sehemu ya jina lake, watu wanamtambua kwa kikohozi kabla hajabisha hodi. Mtu aliyekohoa wiki mbili au zaidi apime makohozi kabla ya kuja kumwona mtoto. Kipimo cha kifua kikuu katika vituo vya serikali ni bure, na dawa pia ni bure. BCG aliyopata mtoto inamsaidia asipate aina kali, kama ile ya kwenye utando wa ubongo, lakini haimzuii kuambukizwa. Kuna pia vile vipele vya maji mdomoni ambavyo watu huvichukulia kama alama ya homa iliyopita. Mwenye navyo asimbusu kichanga hata kidogo. Kirusi chake kikiingia kwa mtoto wa siku kumi kinaweza kupanda mpaka kwenye ubongo. Tetekuwanga na surua sihitaji kuzieleza, ila mkumbuke kwamba mtu huanza kuambukiza kabla upele haujatoka, kwa hiyo nyumba yenye mgonjwa isitoe msafiri.

Malaria ya mgeni haimrukii mtoto kwa kukohoa wala kwa kubebwa. Chandarua kinatosha. Tuendelee.

Bibi zetu walikuwa na arobaini. Mzazi na mtoto walikaa ndani siku arobaini, anayeingia anajulikana, na aliyetoka njiani hashiki mtoto mpaka jasho likauke. Wao walisema ni upepo mbaya na jicho. Mimi nasema ni virusi. Sababu tumetofautiana, mlango tumefunga mmoja. Kinachonisikitisha ni kwamba arobaini imebaki jina. Mzazi yupo ndani kweli, lakini ukoo mzima upo naye ndani, madirisha yamefungwa ili mtoto asipigwe na baridi, na huko nyanda za juu utakuta na jiko la mkaa limewashwa chumbani. Jiko hilo litoke leo hii, hewa yake inaua hata watu wazima. Dirisha lifunguliwe. Mtoto apashwe joto kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi.

Akika nayo huwa siku ya saba, na siku ya saba ndipo Tanga na Lindi na Kondoa zote zinapokutana sebuleni. Zungumzeni na sheikh wenu, kwani wapo wanaoona siku ya 14 au ya 21 inafaa pia. Hata mkishika siku ya saba, mbuzi achinjwe, nyama igawiwe, dua isomwe, na mtoto abaki chumbani na mama yake. Sijapata kusikia pahala palipoandikwa kwamba lazima apitishwe mikononi mwa watu arobaini. Wakristo nao msicheke, nimeona Krismasi za Moshi: magari yamepanda mlima kutoka Dar, watoto ishirini wa ukoo uani, kila mmoja na kamasi lake, na kila mmoja anataka kumbusu "bebi". Hao wadogo wa chekechea ndio ninaowaogopa kuliko bibi yeyote. Wamwonee mbali. Akikazana sana, aguse miguu akishanawa.

Sasa, nani amwambie mama mkwe kwamba asimbebe mjukuu wake? Hapa ndipo ushauri wa madaktari wengi unapokwama, kwa sababu tunamwambia mzazi, naye ndiye mtu mwenye sauti ndogo kuliko wote nyumbani wiki ile. Ana kidonda, hajalala, na ni mke wa watu. Akisema "mama, usimshike mtoto" neno hilo litasafiri hadi Kigoma na litasemwa hata mtoto akioa. Kazi hii ni ya baba mtoto. Apige simu usiku wa kuamkia safari, si mgeni akiwa mlangoni. Asalimie kwa heshima, aulize hali za nyumbani, aulize nani ana mafua, nani anaharisha, nani ana homa. Akisikia kuna mgonjwa, aseme, "Mama, subirini wiki hii muone afueni, nauli nitaituma mimi." Na akiona haya, anisingizie mimi: daktari kakataa. Nimekwisha kuzoea, nimesingiziwa na koo nyingi na sijafa.

Bibi anayekuja kulea simhesabu kama mgeni. Huyo namtaka. Mzazi anayepikiwa mtori, anayeogeshwa na kupata saa mbili za usingizi hunyonyesha vizuri, na kunyonyesha ni nusu ya ulinzi wote huu. Ila aje mapema ikiwezekana, wiki moja kabla ya uzazi, ili kama ameokota kitu njiani kijitokeze kabla mtoto hajafika. Kama mtoto ameshazaliwa, basi bibi akishuka aoge, abadilishe nguo zote, alale usiku wa kwanza chumba kingine kama kipo. Nyumba ya chumba kimoja najua ipo, nimekulia humo: dirisha wazi, mama na mtoto ndani ya chandarua chao, bibi upande wa pili. Weka ndoo yenye koki au kibuyu chirizi nje ya mlango, na sabuni ya kipande. Sekunde 20, mpaka katikati ya vidole. Mtu akikuta maji na sabuni vimewekwa mlangoni hahitaji kuambiwa, na wewe umeepuka maneno.

Zawadi za safari zina shida yake moja. Mwenye kutoka Tabora haji bila asali, na ni asali nzuri kweli. Iende kwenye chai ya mzazi. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja asionjeshwe, hata kwa ncha ya kidole, kwa kuwa inaweza kubeba vijidudu ambavyo utumbo wake hauna uwezo wa kuvizuia, vikatoa sumu ya kupooza misuli.

Wapo pia wanaorudi Desemba kutoka London au Minneapolis. Wanatoka kwenye majira ya baridi, msimu wa mafua makali wa kule, na saa nyingi za ndege juu yake. Wachanjwe mafua angalau wiki mbili kabla ya kusafiri. Na bibi anayekwenda Ulaya au Marekani kumlea mwanawe asishangae akiulizwa chanjo ya kifaduro. Huko wajawazito huchanjwa kifaduro, na tangu 2023 ipo chanjo ya RSV ya wajawazito iliyoidhinishwa pande zote mbili. Kwetu bado si sehemu ya kliniki ya kawaida.

Yote haya yakifanyika, mtoto bado anaweza kuugua. Akiacha kunyonya au akinyonya kwa udhaifu, akipumua mara 60 au zaidi kwa dakika (hesabu dakika nzima akiwa ametulia, rudia), mbavu zikiingia ndani, akishika degedege, akiwa hajigeuzi mpaka ashtuliwe, joto likifika 37.5 au likishuka chini ya 35.5, hapo hakuna kumeza dawa ya mafua ya duka la dawa wala kusubiri asubuhi. Beba kadi ya kliniki, mweke kifuani, nenda. Kichanga hana ugonjwa wa kuangalia kesho.

Mimi nilikaa Tanga siku tatu. Siku ya pili nilikuwa nakohoa na pua inatiririka, mama ananiletea chai ya tangawizi barazani bila kusema neno, na ukimya wake ulikuwa mbaya kuliko maneno. Mpwa wangu nilimshika safari iliyofuata, akiwa na wiki tisa na chanjo zake za kwanza tayari. Akanitazama kidogo, akanicheulia begani.