Betri ya vepu ikikuunguza: maji kwanza, dawa ya meno kamwe

Haya ni maswali ninayoulizwa kila mara katika chumba cha kufungia vidonda hapa Malindi, pwani ya Kenya, na majibu ambayo ningependa watu wawe nayo kabla ya kuungua. Ninaowaona zaidi ni vijana wa kiume. Kidonda kiko pajani, pale mfuko wa suruali ulipokuwa, au kiko vidoleni. Wengi wamechelewa kuja, na wengi wanakuja na ganda jeupe lililokauka juu ya kidonda: dawa ya meno. Nitalirudia jambo hili mpaka likome.

Vepu ni nini, na ndani ya betri yake mna nini?

Vepu ni sigara ya kielektroniki. Betri inapasha moto waya mdogo, waya unageuza maji yenye nikotini kuwa mvuke, mtu anavuta. Betri yenyewe ni ya lithiamu-ioni, jamii moja na ya simu na ya pawabenki. Ina kimiminika kinachoshika moto haraka, na utando mwembamba unaotenganisha upande wa chanya na wa hasi. Utando huo ukiyeyuka au ukitoboka, nguvu yote iliyomo inatoka kwa mkupuo, joto linazaa joto zaidi, na hakuna wa kuituliza. Kwa hiyo jeraha lake huwa la namna mbili kwa pamoja: moto, na kemikali zinazoendelea kula ngozi hata baada ya moto kuzimika.

Simu nayo ina betri kama hiyo. Mbona mnawatisha watu kwa vepu tu?

Simu nayo huwaka, msidanganyane. Lakini betri ya simu imefungwa ndani, na ina kidude cha kuilinda isijae kupita kiasi. Vepu nyingi kubwa zinatumia betri ya kuchomoa, ile ya duara yenye upana wa milimita 18 na urefu wa milimita 65, inayoitwa 18650. Vijana wanaibeba uchi, wanaibadilishana, wanaiazimana. Isitoshe, vepu ni bomba: ikilipuka, presha inatokea kwenye ncha, na ncha moja iko mdomoni.

U.S. Fire Administration, taasisi ya zimamoto ya serikali ya Marekani, ilikusanya visa 195 vya vepu kuwaka au kulipuka vilivyoripotiwa na vyombo vya habari nchini humo kuanzia 2009 hadi mwisho wa 2016. Visa 61 vilitokea kifaa au betri ya akiba ikiwa mfukoni, 60 mtu akiwa anavuta, na 48 betri ikiwa kwenye chaji. Tazama hiyo namba ya mfukoni.

Mfukoni inawakaje, na hakuna anayeigusa?

Vitu vya mfukoni ndivyo vinavyoigusa. Ufunguo, sarafu ya shilingi ishirini, kiberiti cha gesi chenye kichwa cha chuma. Ichukue betri ya 18650 uitazame: ncha yenye chuchu ni chanya, na mwili wote uliobaki, kuanzia chini mpaka karibu na ile chuchu, ni hasi. Kinachozuia pande hizo zisikutane ni ngozi ya plastiki nyembamba kabisa, na kijiduara cha karatasi kwenye ile ncha. Plastiki ikichanika kidogo tu na ufunguo ukalala hapo, stima imepata njia. Ndani ya muda mfupi mno betri ni moto, na iko kwenye jinzi iliyokubana paja, hata kuitoa ni kazi.

Betri ya akiba ikae kwenye kikasha chake cha plastiki, kila moja na nafasi yake. Huna kikasha, usiibebe. Plastiki yake ikichanika, isirudi kwenye kifaa. Nawaambia kwa heshima, lakini nawaambia: mfuko wa suruali si mahali pa betri isiyo na kikasha, hata kwa safari ya kutoka Barani hadi sokoni.

Nikiungua, dawa ya meno si inapoza? Nahisi mwenyewe ubaridi.

Unahisi ubaridi kwa sababu ya mnanaa uliomo. Joto liko palepale, chini ya ngozi, linaendelea kupika. Kupaka dawa ya meno juu ya ngozi iliyoungua ni kama kufunika sufuria lililotoka motoni: umelizuia joto lisitoke. Na kwa jeraha la betri umefungia na kemikali ndani yake.

Kisha inakauka na kuganda. Ili nikione kidonda, lazima niiondoe, na ikiondoka inaondoka na ngozi changa. Nimeshika mikono ya vijana wakilia kwa kuoshwa tu, maumivu ambayo hawakuwa na haja ya kuyapata.

Basi, dawa ya meno hapana. Ute wa yai hapana. Unga, majivu, samli, mafuta ya taa, asali ya dukani, majani yaliyopondwa, vyote hapana. Barafu pia hapana, maana inabana mishipa na kuidhuru ngozi iliyokwisha kuumia. Mkifika kwa jirani na jirani akaleta tyubu, mshukuruni na mrudishieni tyubu yake.

Sasa nifanye nini dakika ileile?

Ondoka penye moto, vua nguo iliyoshika. Toa pete, saa, bangili na mkanda kabla mwili haujavimba. Kitambaa kilichogandia kwenye ngozi usikivute, kata pembeni yake. Vipande vya betri vilivyokurukia viondoe kwa kitu, si kwa vidole vitupu.

Halafu maji. Maji safi ya kawaida yanayotiririka, kwa dakika 20 kamili. Dakika mbili hazitoshi, wala si mpaka maumivu yapungue: ni dakika 20 kwa kutazama saa. Najua mifereji yetu hukauka. Chukua mtungi na kopo, mtu mwingine amimine polepole, mwingine akalete mtungi wa pili. Maji ya kisima yenye chumvichumvi yanafaa kama yako safi. Hata kama saa moja au mbili zimepita, maji bado yanasaidia. Faida yake inafika mpaka kama saa tatu baada ya kuungua. Jicho likiguswa, limiminie maji likiwa wazi, kuanzia upande wa pua kwenda nje, na uendelee njiani ukiletwa hospitali.

Ukimaliza, funika kwa kitambaa kisafi kisicho na manyoya, au ile nailoni ya kufungia chakula, ukiilaza juu bila kuzungusha na kubana. Kunywa paracetamol kwa kipimo chake. Njoo.

Nije hata kama ni padogo? Mbona hapaumi sana?

Jeraha la betri, njoo siku hiyohiyo, dogo au kubwa. Kuhusu kutouma, naomba nisikilizwe vizuri, kwa kuwa hapa ndipo watu wanapopotea. Ngozi iliyoungua juujuu ndiyo inayouma sana. Ikiwa pamekuwa peupe kama nta, au pakavu na peusi, na ukigusa huhisi kitu, hapo moto umeshuka hadi kwenye neva na kuziua. Kutouma huko si kupona. Ni ishara ya jeraha la kina, na huenda likahitaji kupandikizwa ngozi.

Usingoje hata kidogo kama ni usoni, mkononi, kwenye nyeti, kwenye kiungo kama goti au kidole, kama limezunguka mguu au mkono mzima, kama ni kubwa kuliko kiganja chako mwenyewe, au kama ulivuta moshi na sauti imekwaruza.

Naona haya. Nimeungua karibu na nyeti, na nyumbani hawajui kama navuta.

Hili ndilo linalowaleta siku ya nne na ya tano, kidonda kinatoa harufu, homa imepanda. Mwanangu, sisi tunatazama mapaja na nyeti kila siku ya kazi. Hakuna kitakachotushangaza. Ninachotaka kujua ni kimelipuka nini na saa ngapi. Sema kweli, sema ni vepu, kwa sababu ukiniambia ni chai ya moto nitatibu chai ya moto, wala sitaosha kemikali.

Kama hujatimiza miaka 18, mtu mzima wako atahitajika, lakini huduma ya dharura haimngojei afike. Na wazazi, niruhusuni: kijana akirudi ameungua, siku hiyo si ya fimbo wala ya mahubiri. Anayeogopa kupigwa ndiye anayejipaka dawa ya meno chooni na kunyamaza.

Naichaji usiku nikiwa nimelala. Kuna ubaya?

Upo. Betri hizi zinatakiwa zijae hadi volti 4.2 kisha chaji isimame. Chaja mbovu au kifaa cha bei ya chini huenda kisisimame. Wewe umelala, betri iko juu ya godoro la sponji, chini ya neti, na juu yako kuna makuti. Kila mtu wa pwani hii anajua makuti yakishika na upepo wa kusi ukiwa unavuma ni nyumba ngapi zinaondoka.

Chaji ukiwa macho, kwenye sakafu ya simiti au vigae, mbali na kitanda, pazia na mkeka. Tumia chaja iliyokuja na kifaa, au ya volti 5 isiyozidi ampea iliyoandikwa kwenye vepu. Nyingi ni ampea 1. Ile ya simu ya kuchaji kwa kasi iache na simu yake. Ikijaa, chomoa. Stima ikipotea, chomoa pia, usingoje irudi kwa kishindo. Usiichaji juani, wala usiiache kwenye kioo cha mbele cha tuktuk adhuhuri.

Na iliyotumbukia baharini imekwisha. Kuianika juu ya bati au kuizika kwenye mchele kunaondoa maji, chumvi inabaki ndani na inaendelea kula. Usiichomeke.

Fundi amenitolea betri kwenye laptopu ya zamani. Ni ukubwa uleule.

Ukubwa uleule si kazi ileile. Betri ya laptopu haikuumbwa kutoa nguvu nyingi ghafla jinsi vepu inavyoivuta, na hiyo imeshazeeka. Irudishe. Vivyo hivyo zile zilizoandikwa 9900 mAh (kipimo cha chaji inayobebwa na betri): ya kweli ya ukubwa huo kwa kawaida haizidi takriban 3,600, basi aliyeandika 9900 amekudanganya kwenye jambo la kwanza, na la usalama hukumuuliza. Vepu za kutumia na kutupa nazo, acheni kuzipasua na kuziunganishia nyaya ili zichajike. Mikono iliyopasua hizo naijua.

Imevimba kidogo, lakini bado inafanya kazi.

Izime, usiichaji tena, usiitoboe, usiibonyeze irudi umbo lake. Iweke nje ndani ya mkebe wa chuma wenye mchanga mkavu, mbali na ukuta wa mbao na watoto, kisha tafuta fundi au duka linalopokea betri mbovu. Ncha zake zibandike selotepu. Usiitupe kwenye jaa. Jaa letu huchomwa jioni, na wanaosimama karibu ni watoto.

Ikianza kufoka moshi nikiwa naitazama?

Usiishike. Zima swichi ya ukutani kama unaifikia bila kupita juu yake, toa watu nje, usivute ule moshi, una sumu. Ikiwa imeshachomoka kwenye stima na unaweza kusimama mbali, mwagia maji mengi, maana inahitaji kupozwa. Moto ukipanda kwenye makuti, acha vitu, toka, piga 999 au 112. Betri iliyozimika inaweza kuwaka tena, kwa hiyo ibaki nje.

Mimi nimeungua siku tatu zilizopita, nimeshapaka dawa ya meno, na lengelenge limepasuka. Nimechelewa?

Umechelewa, lakini njoo leo. Usikwangue hiyo dawa, usiiloweke kwa Dettol, usipake kingine juu yake. Malengelenge ambayo hayajapasuka yaache hivyohivyo. Tutakupa dawa ya maumivu kwanza, ndipo tuoshe taratibu, tupime kina, tuangalie kama sindano ya pepopunda inahitajika. Antibayotiki tutakupa kama kidonda kimeingia wadudu. Usinunue mwenyewe za rangi mbili dukani. Mpaka kifunge, usivute, kwa kuwa nikotini inabana mishipa ya damu na kidonda kinakosa chakula. Betri iliyokuunguza usije nayo mfukoni. Ipige picha, iache nje kwenye mkebe, picha ndiyo unionyeshe.