Rajah Caruth na ngazi za NASCAR: dhana potofu kuhusu madereva chipukizi, na ukweli wake

Tarehe 1 Machi 2024, jijini Las Vegas, kijana wa miaka 21 aitwaye Rajah Caruth alianza mbio za pikapu, daraja la tatu la NASCAR, shirika la mbio za magari la Marekani, akiwa wa kwanza kwenye foleni, na akazimaliza akiwa wa kwanza. Alizaliwa Atlanta, akakulia Washington, mji mkuu wa Marekani, mbali na viwanja ambako watoto wa madereva hujifunzia kazi ya baba zao. Miaka sita kabla ya usiku ule, mbio zake zote alikuwa akizikimbia nyumbani, mbele ya kompyuta.

Nimemfuatilia kijana huyu kwa muda. Kila nikimtaja mbele ya wapenzi wa mbio huku kwetu, tuliolelewa na vumbi la Safari Rally, nasikia maneno yale yale. Machache yana chembe ya ukweli, mengi hayana. Nimeona niyajibu, kwa sababu yanawanyima vijana hawa heshima ya kazi waliyoifanya.

"Hayo ni magari ya kawaida yaliyobandikwa matangazo"

Kosa hili limezaliwa na jina lenyewe. Haya huitwa magari ya stoki, yaani gari kama lilivyotoka dukani, na mwanzoni ndivyo lilivyotakiwa kuwa. NASCAR ilianzishwa mwaka 1948. Tarehe 19 Juni 1949 ikaandaa mbio za kwanza za daraja lake kuu, huko Charlotte, kwa sharti la gari kutoguswa. Glenn Dunaway akafika wa kwanza. Wakaguzi walipoinama chini ya gari lake, wakakuta springi za nyuma zimechezewa, ufundi wa wasafirishaji wa pombe ya magendo, ili gari lisilale nyuma likijaa mzigo. Akanyang'anywa ushindi, akapewa Jim Roper.

Sharti lile lilikufa zamani. Gari la daraja la juu linalotumika tangu 2022 lina chasisi ya mabomba ya chuma, injini ya V8 ya karibu lita sita na nguvu za farasi mia sita na zaidi. Milango haifunguki, dereva anaingilia dirishani. Taa za mbele ni stika tu. Camry ya mashindano na Camry ya teksi zinafanana sura, basi. Kwa hiyo kijana anayetaka kufika huko hasaidiwi na uzoefu wa kuendesha gari la nyumbani. Anahitaji magari ya kujifunzia, na ndiyo maana kuna ngazi.

"Kukata kushoto tu, hata mimi naweza"

Hili ndilo linaloniuma kuliko yote, na nitalikalia kidogo.

Kwanza, si kweli kwamba hukata kushoto peke yake. Kalenda ya NASCAR ina viwanja vya kona za kila upande, kama Watkins Glen na Sonoma. Lakini hata tukibaki kwenye viwanja vya duara, hakuna viwili vinavyofanana. Daytona ina urefu wa kilomita nne na kona zake zimeinuka kwa nyuzi 31, kiasi kwamba kuupanda kwa miguu ukuta ule wa lami ni kazi. Martinsville haifiki kilomita moja, na kona zake zimeinuka nyuzi 12 tu. Pale Daytona unakanyaga mafuta ukiwa umebanwa katikati ya magari thelathini. Pale Martinsville unakanyaga breki mara mbili kila mzunguko, mamia ya mizunguko, mpaka zinawaka nyekundu.

Pili, gari lenyewe halitulii. Tairi likichoka, lami ikipoa jua linapozama, tangi likipungua mafuta, gari hubadilika tabia. Kuna wakati linakataa kona: unageuza usukani, pua inaendelea kwenda ukutani. Kuna wakati linatupa mkia: pua inaingia vizuri, nyuma inataka kukupita. Ukimfuata mtu kwa karibu, hewa inayogandamiza pua ya gari lako hupungua, na gari lililokuwa tamu dakika moja iliyopita linaanza kukataa kona. Dereva anatakiwa kuyasikia hayo kupitia mgongo na makalio, ayatafsiri kuwa maneno, amweleze fundi mkuu redioni huku akiwa kwenye mwendo wa zaidi ya kilomita 250 kwa saa na joto la tanuri ndani ya gari. Fundi anaamua: apunguze upepo wa tairi, au azungushe spana kwenye springi ya nyuma kwa nusu duara. Kijana asiyejua kulieleza gari lake hapandi ngazi, hata awe na kasi gani.

Na hayuko peke yake. Juu ya jukwaa anasimama mtu wa kumwangalizia, anayemwambia redioni nani yuko ubavuni mwake, maana kutoka kwenye kiti kile upande wa kulia hauonekani vizuri. Kumwamini mtu huyo bila kugeuza shingo ni somo la peke yake, na wengi hulijifunza kwa kugonga.

"Usipoanza na miaka mitano umechelewa"

Dhana hii ina mashiko. Jeff Gordon, bingwa mara nne, aliingizwa kwenye vigari vidogo vya watoto akiwa na miaka mitano huko Vallejo, California. Familia ikahamia Indiana ili apate mbio nyingi zaidi. Joey Logano naye alianza akiwa na miaka sita. Kwa miongo mingi hiyo ndiyo ilikuwa njia ya kawaida.

Lakini angalia gari namba 24, lile lile lililompa Gordon jina. Tangu 2018 linaendeshwa na William Byron, ambaye alianza kwenye programu ya kompyuta iitwayo iRacing na hakushindana katika gari halisi mpaka mwaka 2012, akiwa tayari kijana wa kubalehe. Mwaka 2016 alishinda mbio saba za pikapu katika msimu wake wa kwanza kamili. Mwaka 2017 akawa bingwa wa daraja la pili. Mwaka 2024 na 2025 akashinda Daytona 500, mbio kubwa kuliko zote za NASCAR, mfululizo. Caruth amepita mlango huo huo baada yake.

"Basi kumbe kompyuta inatosha"

Wanaosikia habari ya Byron na Caruth huruka hadi upande wa pili. Ni kweli programu ile si mchezo wa kitoto. Viwanja vyake vimepimwa kwa leza, kila kiraka cha lami na kila tuta viko mahali pake, na mtu anaweza kujifunza mahali pa kufunga breki na namna ya kumsumbua mwenzake bila kumgonga. Kisichoweza kupimwa ni mgongo. Kompyuta haikuvuti kwenye kiti, haikutii hofu, na ukigonga ukuta unabonyeza kitufe, gari linarudi zima. Kwenye uwanja halisi kuna mafundi watakaokesha wakilinyoosha kwa ajili ya kosa lako.

Ndiyo maana Caruth hakutoka chumbani akaenda Las Vegas. Mwaka 2019 aliwekwa kwenye gari la Legends: gari dogo la bodi ya faiba, umbo la magari ya miaka ya 1930, injini ya pikipiki ya Yamaha. Watu hulicheka wakiliona. Lakini ni fupi, tairi zake ni nyembamba na ngumu, na ukikanyaga mafuta kwa pupa linajizungusha kama pia. Linafundisha miguu adabu. Mwaka 2020 akapanda kwenye magari ya Late Model, makubwa na mazito, yanayokimbia jioni za wikiendi kwenye viwanja vidogo vya Kusini mwa Marekani kama Hickory, mbele ya wenyeji wanaolijua kila jiwe. Huko kijana hukutana na wanaume wa miaka hamsini wenye gereji zao, ambao hawana haja ya kuwa maarufu na hawakupishi hata kidogo. Sijui shule ngumu kuliko hiyo. Hapo unajifunza kutunza tairi: anayekimbia sana mwanzoni huishiwa, mzee humpita mwishoni taratibu.

Mwaka 2021 na 2022 akawa ARCA, mashindano yaliyo chini ya pikapu, ngazi ambako kijana hukutana kwa mara ya kwanza na viwanja virefu na mwendo mkubwa. Mwaka 2022 alimaliza wa tatu kwenye msimamo wa msimu. Mwaka uliofuata ndipo akapewa pikapu kwa msimu mzima.

"Sheria za umri ziliwekwa kwa ajili ya usalama tu"

Usalama umo, na leo ARCA na pikapu zinawaruhusu vijana kwanza kwenye viwanja vifupi, vile vikubwa baadaye. Lakini chanzo cha sheria ya miaka 18 kilikuwa sigara. Mwaka 2001 Kyle Busch, akiwa na miaka 16, alikuwa akikimbia pikapu. Walipofika Fontana, California, wikiendi ile ilikuwa pia na mbio nyingine zilizodhaminiwa na kampuni ya sigara, na makubaliano ya kisheria ya 1998 yalizuia watoto kushiriki matukio ya aina hiyo. Kijana akaondolewa uwanjani. Mwaka uliofuata NASCAR ikaweka kiwango cha miaka 18, na miaka mingi baadaye ikakilegeza kwa viwanja vifupi. Busch alisubiri, na baadaye akawa bingwa mara mbili, 2015 na 2019.

"Anayepanda haraka ndiye bora"

Logano alipewa kiti cha Tony Stewart, wakati huo bingwa mara mbili, akiwa na miaka 18. Juni 2009 akashinda huko New Hampshire, mbio zilizokatishwa na mvua, akiwa na miaka 19 na siku 35, umri mdogo kuliko mshindi yeyote wa daraja hilo kabla yake. Ukiishia hapo utadhani njia ilikuwa nyeupe. Lakini katika misimu minne kwenye timu ile alipata ushindi mwingine mmoja tu, akaachwa mwisho wa 2012. Timu nyingine ikamchukua, akajijenga upya, na amekuwa bingwa 2018, 2022 na 2024. Mimi naamini misimu ile minne ilikuwa ni ngazi aliyorushwa bila kuikanyaga, akairudia mbele ya watu wote.

"Ni pesa tu" na "kapewa kwa sababu ya rangi yake"

Dhana hizi mbili huja pamoja, tena mara nyingi kutoka kinywa kimoja.

Pesa ni kweli. Kila ngazi ina bei, na bei hupanda kuliko ngazi yenyewe. Vipo viti vinavyonunuliwa, na wapo vijana wenye kipaji waliorudi nyumbani kwa kukosa mdhamini. Nisingependa mtu alifiche hilo. Caruth mwenyewe, baada ya kushinda Las Vegas, ndipo mdhamini aliyekuwa amelipia sehemu ya msimu akaongeza mpaka mwisho.

Kuhusu rangi, ni kweli alipitia mpango wa NASCAR wa kuwafungulia mlango vijana wa asili mbalimbali, ulioanza 2004. Lakini tazama nani wengine walipita humo: Kyle Larson, aliyekuja kuwa bingwa wa daraja la juu 2021, Daniel Suárez wa Monterrey, Mexico, bingwa wa daraja la pili 2016, Bubba Wallace, mshindi wa Talladega 2021. Mpango unatoa gari na fundi. Saa ya kupimia haimwongezei mtu sekunde.

Na anayesema mtu mweusi anapendelewa kwenye mchezo huu ajue habari za Wendell Scott wa Danville, Virginia. Alijenga magari yake mwenyewe kwa vipuri vya mitumba, wanawe wakiwa ndio mafundi. Tarehe 1 Desemba 1963, huko Jacksonville, Florida, alishinda. Bendera ya kumaliza hakupewa, kombe akakabidhiwa Buck Baker, na baada ya saa kadhaa, watazamaji wameshaondoka, ndipo wakasema hesabu ya mizunguko ilikosewa. Scott alifariki 1990 bila kulishika kombe lake. Familia ilikabidhiwa Agosti 2021, Daytona. Tangu siku ile ya Jacksonville mpaka Wallace aliposhinda mbio za pikapu za Martinsville, Oktoba 2013, ilipita karibu nusu karne bila dereva mwingine Mmarekani mweusi kushinda katika madaraja makuu ya NASCAR. Caruth ni wa tatu.

"Ukichagua mbio umeacha shule"

Hapana. Caruth alikuwa akisomea usimamizi wa michezo ya magari katika Chuo Kikuu cha Winston-Salem State, kimoja kati ya vyuo vya kihistoria vya Wamarekani weusi, huku akikimbia. Timu ya chuo hicho huchezea mpira wa Kimarekani kwenye uwanja wa Bowman Gray, na kuzunguka nyasi zake kuna lami ya mita 400 ambako NASCAR imekuwa ikikimbia tangu 1949. Scott naye alikimbia pale. Tarehe 30 Mei 2025, huko Nashville, Caruth alishinda mbio za pikapu mara ya pili.