Moto wa Portovaya na masizi ya kandili

Umeme ukikatika hapa Mkomani, shangazi huwasha kandili, na neno lake huwa lile lile: "Shusha utambi, mwanangu, kioo kisishike masizi." Utambi ukipanda, moto hurefuka, ukawa wa manjano, wa kupendeza macho, na punde kioo chote cheusi. Mafuta yamekosa hewa ya kutosha, yakaungua nusunusu. Mimi kazi yangu ni kusoma picha za setilaiti za usiku kutafuta mioto ya gesi, na sijapata mfano bora kuliko huo.

Msimu wa kusi wa 2022, Urusi ikiwa vitani Ukraine na imepunguza gesi ya kwenda Ujerumani kwa bomba la Nord Stream 1, moto mkubwa wa kuchoma gesi ulizuka Portovaya, kituo cha gesi cha Urusi linapoanzia bomba hilo, karibu na mpaka wa Ufini. Watu wa Ufini waliuona wakiwa kwao. Kampuni ya utafiti wa nishati, Rystad Energy, ilikadiria kwamba mita za ujazo milioni 4.34 za gesi ziliteketea kila siku, mali ya dola milioni 10 hivi. Mita moja ya ujazo ikiungua hutoa karibu kilo 2 za hewa ya ukaa. Piga hesabu: kama tani 9,000 kwa siku.

Si wangefunga tu? Kisima si mfereji wa bafuni. Ukikifunga ghafla waweza kukiharibu. Wako pia waliosema mtambo mpya wa kupoza gesi iwe kimiminika ulikuwa ukiwashwa pale pale. Na kuiachia hewani bila kuichoma ni balaa zaidi, maana methani, ndiyo sehemu kubwa ya gesi hiyo, hunasa joto zaidi ya mara 80 kuliko hewa ya ukaa kwa kipindi cha miaka 20. Hayo yote nayakubali. Ila njia ya gesi ilizibwa na siasa, si na ufundi.

Kinachonikera hasa ni masizi. Upepo ukiyafikisha Aktiki, kule kwenye barafu kaskazini kabisa ya dunia, hutua juu ya theluji. Aliyepita Forodhani saa saba mchana anajua juani kanzu nyeupe si sawa na buibui. Theluji nyeupe huurudisha mwanga. Ikishapakwa weusi hula joto, ikayeyuka.

Shangazi aliniuliza kama ndiyo gesi ya mtungi wake. Siyo, nikamwambia: ya mtungi ni propani na butani.

"Kwani hiyo yao haipikii?"

Yapikia, shangazi. Vizuri tu.